Mstari wa Mia na Thelathini na Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Wewe uliyefungua daftari hili, nakusihi: usimsomee mtu. Usilisome kwa sauti hata ukiwa peke yako, maana kuta za vyumba tunavyopanga ni nyembamba. Usimwambie Mkuu wa ofisi. Usimwambie mjomba, ndiye aliyenitafutia kazi hii na bado analitaja jambo hilo kila tukionana. Mama ndiye kabisa usimwambie, ana presha. Mimi ni karani wa miezi mitano, na karani wa miezi mitano hana maoni. Yangu nayaweka humu, chini ya godoro.

Ofisi yetu inahamisha watu wa bondeni. Kaya mia mbili na kumi na mbili zinakaa karibu na mto, na masika yanakuja. Juu, kwenye kiwanja, zimejengwa nyumba za muda. Malori ni manne, yanahamisha kaya ishirini kwa wiki. Tunachagua Jumanne, malori yanatoka Alhamisi. Asiyekuwa kwenye orodha mlinzi wa kiwanja hamfungulii, hata akifika na godoro kichwani. Kwa hiyo kazi yote ni moja: nani atangulie. Atakayechelewa kuchaguliwa na ofisi atachaguliwa na mto.

Leo Mkuu aliniita. "Binti, wewe si ulisoma kompyuta? Nitengenezee fomu. Jedwali la kaya zote, mtu anatia tiki anaowataka, anabonyeza, basi. Sitaki mambo mengi."

Nilisema ndiyo Mkuu mara tatu. Mara moja ingetosha.

Alhamisi, 7 Machi

Sijawahi kuifurahia kazi kama wiki hii. Nilivyofundishwa, ukurasa mzuri wa kompyuta hautoi amri, unatangaza. Huuambii, "mtu akigusa hapa, chora alama pale, halafu kumbuka." Unatangaza tu: hili ni jedwali, huu ni mstari, hiki ni kisanduku cha kutia tiki, lebo hii ni ya kisanduku hiki. Mengine kivinjari, programu inayofungua ukurasa, kinayajua. Ukigusa jina la mtu, kisanduku chake kinajaa. Ukitumia kibodi bila kipanya, kinakubali. Mstari unauandika mara moja tu, kama kipande cha kitambaa cha kukatia vingine, nao unajirudia kwa kaya zote.

Rasimu ya kwanza imeisha. Juu ya faili, panapoandikwa "Aliyeandaa", nimeweka jina langu. Nililiangalia muda mrefu kuliko inavyostahili.

Ijumaa, 8 Machi

Mkuu ameleta mtaalamu wa kompyuta kutoka nje ya ofisi. Ofisi nzima imeshamwita Profesa kwa sababu miwani yake haikai machoni, inakaa kwenye paji la uso. Aliitazama fomu yangu akacheka, si kwa ubaya, kama unavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba.

"Hii ni fomu au karatasi ya mtihani? Mkuu, watu siku hizi wanataka kitu chenye uhai. Visanduku vyenyewe tunavitoa, tunachora vyetu. Ukigusa, mstari mzima unawaka kijani."

"Unawaka?" Mkuu aliuliza, na macho yake ndiyo yaliyowaka.

"Unawaka, Mkuu."

Nikaambiwa nimpe rasimu. Nikampa.

Nilipofika nyumbani, navua viatu mlangoni, nikaona kosa langu mwenyewe. Kila kisanduku lazima kibebe kitu cha kupeleka ofisini kikitiwa tiki. Mimi, kwa kuwa mstari unajirudia, nilikipa hesabu ya mistari: cha kwanza moja, cha pili mbili, mpaka mwisho. Nilipaswa kukipa nambari ya kaya, ile iliyopigwa muhuri kwenye kadi yao, isiyobadilika hata dunia ipinduke. Jedwali linapangwa kwa alfabeti ya majina. Jina jipya likiingia juu, kila aliye chini yake anasogea. Anayeitwa "wa kumi na saba" saa tatu, saa sita si yeye tena.

Ni maneno manne tu ya kubadilisha. Jumatatu nitamwambia.

Jumatatu, 11 Machi

Nilimwambia nusu. Nilimwambia, "Kaka, afadhali tutumie nambari ya kaya." Sikumwambia, "Nilikosea, na wewe umejenga juu ya kosa langu." Ile nusu ya pili niliibakiza.

"Mdogo wangu," alisema bila kugeuka, "mambo ya visanduku niachie mimi. Wewe kazi yako ni kutia tiki."

Mkuu alikuwa mlangoni. "Na asitetemeke akitia," akasema, wakacheka wote wawili.

Nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka sasa hivi ninapoandika. Nilicheka.

Jumatano, 13 Machi

Mvua ya kwanza. Karani wa masjala, ambaye sote tunamwita Dada, amekinga beseni chini ya dari karibu na dirisha la kuandikishia watu.

Jumanne, 19 Machi

Uchaguzi wa kwanza kwa fomu mpya. Kabla sijaanza alikuja mshona viatu. Ana mguu mmoja mfupi, anatembea kwa kujitupa upande, na mdomo wake hauna likizo.

"Binti, hujambo? Nimekuja kuangalia kama serikali inanikumbuka. Mto umeshanikumbuka, asubuhi tunaamkiana."

"Shikamoo baba. Uko hatua ngapi kutoka mtoni?"

"Zangu au zako? Zako kumi na tano. Zangu ishirini, maana kila hatua moja nzima inafuatwa na nusu." Kisha akaacha mzaha. "Mke wangu hatembei tangu mwaka juzi. Mimi ningepanda mwenyewe hata kwa kutambaa. Yeye siwezi kumbeba, na pale juu hawapokei mtu bila orodha. Usinisahau, mwanangu."

Nilimwonyesha kwenye skrini: mstari wa mia na thelathini na tisa. Nikaugusa mbele yake, ukawaka kijani. Akaupigia saluti.

Nilichagua kaya ishirini, zote za ukingoni. Sasa Profesa ameongeza jambo. Tiki zangu hazitoki moja kwa moja, zinasubiri mpaka Mkuu abonyeze "Idhinisha". Mkuu haoni majina. Anaona maneno makubwa tu: KAYA 20 ZIMECHAGULIWA. Alibonyeza saa kumi, aliporudi kikaoni.

Alhamisi, 21 Machi

Malori yametoka. Moja limepanda mlimani kwa mfanyabiashara wa mabati, mwenye nyumba ya mawe na mbwa wawili. Alikuja ofisini mwenyewe, anacheka mpaka anashika meza.

"Jamani, nyinyi! Lori na wapakizi sita mlangoni kwangu! Wananiambia, mzee kimbia, mto unakuja. Mto gani? Mto ukifika kwangu, nyinyi wote mtakuwa samaki!"

Ofisi nzima ilicheka. Mimi nilikimbilia skrini. Jumanne, nilipotia tiki, mfanyabiashara wa mabati alikuwa mstari wa mia na thelathini na nane. Majina yao yanafuatana. Kwenye jedwali ni majirani. Kwenye ardhi mmoja yuko kilimani, mwingine yuko mdomoni mwa mto.

Ijumaa, 22 Machi

Nimeuliza Dada alimwandikisha nani Jumanne. Mmoja tu, saa tano, baada ya mimi kutia tiki na kabla Mkuu hajaidhinisha. Jina lake linaanza na herufi ya pili ya alfabeti. Akaingia juu, kila aliye chini akashuka mstari mmoja, na tiki zangu zikabaki pale pale, zikawaangukia waliokuwa juu yao. Kati ya kaya ishirini, kumi na nane zilizokwenda si nilizochagua mimi.

Nilikwenda kwa Mkuu na karatasi mbili, niliowachagua na waliohamishwa. Hakuzigusa.

"Ulitia tiki wewe?"

"Nilitia, Mkuu, lakini fomu..."

"Fomu haina mikono. Mkono ni wako."

Amenipa barua ya onyo. Imeandikwa "uzembe". Niliipokea kwa mikono miwili, kama zawadi.

Jumamosi, 23 Machi

Mjomba alipiga simu, habari zimemfikia. "Umepata kazi ya kivulini, unatafuta jua. Inamisha kichwa, mvua zitapita."

Mama alikuwa anasikia. Simu ilipokatika akaniuliza, "Kuna unachokificha?"

"Hakuna, mama."

"Mficha uchi hazai," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Jumatatu, 25 Machi

Leo nilimwambia Profesa kila kitu, pamoja na ile nusu niliyoibakiza. Kwamba kosa lilianza kwangu. Kwamba maneno manne yanalimaliza. Nilidhani atashtuka. Aliishusha miwani machoni kwa mara ya kwanza, ndipo nikajua kwamba alikuwa anajua.

"Nililiona wiki iliyopita," alisema kwa sauti ya chini. "Tatizo dogo. Nitalirekebisha toleo la pili."

"La pili lini?"

"Mkuu akishalipia la kwanza. Nikilifungua sasa ataniuliza kwa nini, nitamjibu nini?" Akafungua faili, akanionyesha juu kabisa. "Na akiuliza sana, hapa pameandikwa nini?"

Pameandikwa jina langu. Lile nililoliangalia muda mrefu.

"Kaka, kuna watu kule chini."

"Kwani mto umefika? Mdogo wangu, hofu yako ndiyo itakayokufukuzisha kazi, si fomu."

Niliondoka. Kwenye ngazi nilipiga ukuta kwa kiganja. Bado panawaka. Nyani haoni kundule, sawa, lakini huyu ameliona lake akalipaka rangi ya kijani.

Jumanne, 26 Machi

Nilimwomba Dada asiandikishe mtu mpaka Mkuu aidhinishe. Alinitazama, akashusha pazia la dirisha bila kuuliza. Nilitia tiki ishirini, na mshona viatu nilimgusa wa kwanza. Mvua ilikuwa inanyesha na nje foleni ilikuwa ndefu. Baada ya nusu saa watu walianza kupiga dirisha. "Mnakunywa chai humo? Sisi tunakunywa mvua!" Mkuu akatoka, akafungua dirisha mwenyewe, akamfokea Dada mbele ya foleni. Dada hakunitaja.

Wameandikishwa watu tisa. Mkuu ameidhinisha saa kumi kasoro robo.

Alhamisi, 28 Machi

Mshona viatu hakuhamishwa safari hii pia. Alikuja amelowa mpaka kiunoni.

"Binti, ile taa ya kijani yangu imezimika?"

Nilifuta macho kwa mkono wa blauzi.

"Usilie, nani alisema nimekasirika? Nimekuja kuuliza tu. Sasa ni hatua nane. Zako." Akaweka kitambaa mezani, ndani yake mna kadi ya kaya, nambari 0317. "Labda nambari yangu mliikosea."

Nambari yake haikukosewa. Nambari yake haikuulizwa! Mtu ana kadi, kadi ina muhuri, na sisi tumeketi hapa tunamhesabu kama hatua za ngazi. Hasira hii siijui. Sijalelewa nayo. Nimekulia nyumba ambayo sahani haivunjwi hata kwa bahati mbaya, na leo nilitamani kuichukua ile skrini niitupe uani.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua siku ya tatu bila kupumzika. Nimeiandika fomu upya kwenye kompyuta yangu, visanduku vya kweli, kila kimoja na nambari ya kaya yake. Niliipanga kwa majina, nikaipanga kwa mitaa, nikaongeza kaya za uongo thelathini. 0317 ilibaki 0317. Inafanya kazi. Haina pa kwenda. Nenosiri la seva, kompyuta inayohifadhi fomu ya ofisi, analo Profesa.

Jumanne, 2 Aprili

Nilitia tiki saa tatu, nikaenda mlangoni kwa Mkuu.

"Mkuu, naomba uidhinishe sasa hivi, kabla ya mtu kuandikishwa."

"Unanipangia ratiba?"

"Hapana, Mkuu. Naomba."

"Unajua tatizo lenu nyinyi mliosoma? Mnafikiri ofisi ilianza mlipoingia." Akachukua koti akaenda kikaoni.

Ameidhinisha saa kumi na moja. Wameandikishwa kumi na wanne.

Jumatano, 3 Aprili

Orodha ya kuwapa madereva imechapishwa. 0317 haimo. Mara ya tatu. Kwa mkono wangu nimenakili karatasi nyingine, nambari ishirini nilizochagua kweli, na kando ya kila moja jina na mtaa. Sijui nitaifanyia nini. Namdanganya nani? Najua.

Alhamisi, 4 Aprili

Naandika jioni hii haraka, mikono ina matope, sijanawa.

Asubuhi sikwenda ofisini. Nilikwenda uwanja wa malori. Madereva walikuwa chini ya turubai wanakunywa chai, na mkubwa wao, mtu mnene mwenye kofia ya sufi, alikuwa na orodha iliyochapishwa mfukoni. Nilipanga maneno njia nzima, nilipofika yakatawanyika. Nikamnyooshea karatasi.

"Hii ndiyo orodha."

"Ninayo orodha."

"Hiyo si sahihi, mzee. Hii ndiyo sahihi."

Aliisoma akaigeuza nyuma. "Haina muhuri."

"Haina."

"Nani kaiandika?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

Hapo ndipo ningeweza kurudi nyumbani. Nililiona kabisa lile geti. Badala yake nilichukua kalamu, nikaandika jina langu chini ya karatasi na sahihi yangu, kwa herufi ambazo hata mtoto angezisoma. "Karani," nikasema. "Kosa kwenye hiyo yako nimelianza mimi. Wiki ya kwanza ulipeleka lori mlimani, kwa mzee wa mabati. Ulikuwa wewe?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Ndiye yeye! Alikimbizwa na mbwa!"

"Mbwa wawili," mkubwa alisema, hakucheka. "Nilijua mambo hayako sawa. Mtu ananiita mwehu mbele ya wapakizi wangu, na mimi nimefuata karatasi yenye muhuri." Akamwaga chai iliyobaki. "Binti, ukinidanganya nitakushitaki kwa mama yako."

"Utamkuta yuko nyumbani."

"Haya. Muhuri haupakii mizigo."

Malori manne yalishuka bondeni. Nilikaa mbele, katikati ya dereva na mpakizi, nasoma nambari. Chini maji yalikuwa yamekwishapanda kwenye njia, rangi ya chai ya maziwa, yanabeba ndoo na majani. Kaya ya kwanza niliyoisoma ilikuwa 0317.

Mshona viatu alikuwa amesimama mlangoni juu ya benchi lake la kazi. Mkewe alikuwa kitandani, na kitanda kimeinuliwa juu ya matofali manne. Maji yalikuwa yameshaloweka tofali la pili. Alituona tunaingia akavuta shuka kifuani, kama mtu aliyefikiwa na wageni nyumba haijafagiliwa.

"Karibuni," alisema. "Samahani, hata kiti hakuna."

Wapakizi wawili walimwinua na kitanda chake. Mume alikuwa anawaamrisha kushoto, kulia, inama, huku ameshika mfuko wa visu na nyundo. Nilimwambia aache benchi. Akaniambia, "Mwanangu, hili benchi limenilisha miaka ishirini na tisa, wewe umeniangusha mara tatu. Nani akae nyuma ya lori?" Nilishika upande mmoja wa benchi. Sikujua kwamba nina nguvu hizo.

Hadi saa tisa tulikuwa tumezipandisha zote ishirini. Getini kiwanjani mlinzi alitaka orodha, mkubwa wa madereva akampa ile yangu, na mlinzi akasema haina muhuri. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilifoka. Nilifoka mpaka kitandani mama yule akanigeukia. Nilimwambia kila mmoja hapa ana kadi, kadi ina nambari, na nambari iko kwenye daftari la masjala tangu Februari; ampigie Dada simu amsomee moja moja. Akapiga. Dada alijibu nambari zote ishirini bila kusita, nasikia nyuma yake Mkuu anauliza, "Unaongea na nani?" na Dada anasema, "Na kazi."

Ijumaa, 5 Aprili

Mto ulivunja kingo jana saa kumi na moja jioni. Safu yote ya ukingoni haipo. Nyumba kumi na tisa. Hakukuwa na mtu ndani hata mmoja.

Mama aliniuliza. Nilimwambia vyote. Presha haikumpanda. Alisema, "Na hao wenye muhuri walikuwa wapi?" halafu akaenda kunifulia sketi ya jana.

Jumatatu, 8 Aprili

Kulikuwa na kikao. Wageni wawili wa makao makuu walikuja na viatu safi. Mkuu alisimama mbele ya ukuta, Profesa akawasha ukurasa, mistari ikawaka kijani.

"Nyumba kumi na tisa zimekwenda," Mkuu alisema, "na hatukumpoteza mtu hata mmoja. Kwa nini? Kwa sababu mfumo ulituchagulia walio hatarini."

Walipiga makofi.

Nilinyoosha mkono. Mimi. Nilisema orodha iliyotoka kwenye mfumo haikuwa na hata moja ya kaya zile za ukingoni, na kwamba malori yalifuata karatasi. Wageni wakamtazama Mkuu, Mkuu akatabasamu kwa huzuni, kama baba mwenye mtoto mgumu. "Huyu ndiye karani niliyewaeleza. Ana barua ya uzembe, na Alhamisi aliteka malori ya ofisi bila idhini." Profesa alikuwa anafuta miwani yake. Aliifuta mpaka kikao kikaisha.

Barua ya kuniachisha kazi nilikabidhiwa saa nane. Nimeipokea kwa mkono mmoja.

Jumatano, 10 Aprili

Dada amekuja nyumbani baada ya kazi, ameficha kitu ndani ya kanga. Ni nakala ya barua kutoka makao makuu. Fomu imesifiwa. Itapelekwa ofisi nyingine saba, mabonde mengine saba, kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Maneno yao: "bila kubadilishwa kitu."

Nimeisoma mara nne. Kwa kuwa nilivunja amri, fomu imeonekana nzima. Nimeokoa kaya ishirini, na papo hapo nimelisafisha kosa langu mpaka limeng'aa, sasa wanalisambaza. Nilitaka kuchana ile barua. Dada akanishika mkono. "Usichane. Andika. Mimi najua wanakopeleka, kila ofisi ina masjala, na masjala zote zinaandikiana."

Ijumaa, 12 Aprili

Karani usiyenijua, wewe ambaye Dada wa masjala au mwenzake amekupa daftari hili: kama skrini yako ina jedwali ambalo mistari yake inawaka kijani, fomu hiyo ni yangu na ni mbovu. Usiniamini. Jaribu hivi. Tia tiki mstari mmoja wa chini. Mwambie wa masjala aandikishe mtu mmoja ambaye jina lake linaanza na herufi ya kwanza ya alfabeti. Kisha omba idhini, uangalie nani ametoka. Ukiona jirani yake, acha kila kitu, andika nambari za kadi kwa mkono, na uweke sahihi yako chini. Juu ya faili watakuonyesha jina langu. Ni kweli, ni langu, waambie umeniona.

Fomu iliyorekebishwa ninayo. Usipige simu ofisini, na usitume barua pepe, anwani yangu wameifunga. Njoo mwenyewe siku yoyote isipokuwa Jumapili asubuhi. Ukishuka sokoni, pita ghala la saruji, hesabu milango mitano upande wa kushoto; wetu ni wa bluu, rangi imebanduka chini. Utasikia cherehani. Piga hodi kwa sauti, mama hasikii vizuri akishona. Mwambie umetoka bonde lipi na mto umebakiza hatua ngapi. Akikwambia nimetoka, nipo kiwanja cha juu, safu ya tatu, nyumba ya pili baada ya bomba, kwa mshona viatu. Huwa namsaidia hesabu za wateja, na yeye atakukalisha hata kama hujaomba. Kama hatupo wote wawili, nisubiri pale pale. Usirudi bila hiyo fomu. Nitakuja.